Barua kwa shoga yangu aliyehamia Leicester

London, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole na baridi. Unasema umezunguka supamaketi tatu kutafuta unga wa ugali, mwisho ukarudi na pakiti iliyoandikwa "cornflour", na kilichotoka sufuriani ni gundi. Usijilaumu. Waingereza wakisema "cornflour" wanamaanisha wanga mtupu wa mahindi, ule wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Haujapata kusongeka hata siku moja. Uweke kabatini, utakufaa kwa kastadi.

Kuna jambo moja ulishike kwanza, maana mengine yote yanatoka hapo. Huku usitafute chakula kwa jina lake la kwetu, wala usingoje duka lenye bendera ya Tanzania mlangoni. Karibu kila tunachokula kipo, ila kinauzwa na watu wengine kwa jina lao. Kwa hiyo jiulize: hiki nani mwingine anakila? Ukishamjua, nenda dukani kwake.

Nawe una bahati kuliko wengi, umefikia Leicester. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, halmashauri ya jiji hilo ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasielekee huko. Walikwenda kwa maelfu, wakawakuta wenzao waliotoka Kenya na Tanzania. Hao ni watu wa Kampala, Jinja, Nairobi na Dar, wamekulia muhogo na matoke kama sisi. Ndiyo maana kwenye maduka ya Wahindi wa Kigujarati ya Belgrave Road na Melton Road utakuta neno "mogo" limeandikwa kwenye makasha. Ni muhogo wetu huo huo. Ukimkuta mzee nyuma ya kaunta, msalimie "shikamoo" kabla hujaanza Kiingereza chako. Huenda akaitikia "marahaba", na hapo utaelekezwa kila kitu mpaka rafu ya mwisho.

Sasa unga. Nenda kwa Wazimbabwe au Wazambia, na Wazimbabwe hapo Leicester wapo. Kwao unaitwa "mealie meal" au "maize meal", na lazima uwe mweupe. Ule laini uliokobolewa ndio jirani wa sembe. Ulioandikwa "roller" umebaki na pumba kidogo, kwa hiyo unaelekea kwenye dona. Iwisa ya Afrika Kusini inapatikana kirahisi, lakini chembe zake ni kubwa kidogo kuliko sembe, hivyo uji wake uuache utokote dakika tano zaidi kabla ya kusonga. Epuka polenta, ni ya njano na ina chenga. Epuka "semolina", hiyo ni ngano. Na Harina P.A.N. ya Wavenezuela, ijapokuwa nyeupe na ya mahindi kweli, imeshapikwa kiwandani: inakunywa maji ya baridi na kuvimba kabla haijaona moto, halafu inakuvuta mkononi.

Kwa watu watatu chukua maji lita moja na unga nusu kilo. Koroga vijiko vitatu vya unga na maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, uache uji uive, ndipo uongeze unga kidogo kidogo. Jiko la umeme ndilo linaloharibu ugali wa wageni wengi. Sahani yake inabaki na moto hata ukishalipunguza, kwa hiyo chini unaungua na juu mbichi. Punguza moto dakika mbili kabla ya kutia unga, usingoje mpaka umeshatia. Kama nyumba uliyopanga ina jiko la indakshani, zile sufuria zetu nyepesi za alumini hazitapata moto kabisa. Kabla ya kununua sufuria, ibandike sumaku chini. Isiponasa, iache dukani. Na uchague nzito yenye mkono mrefu, ili usonge huku umeishika.

Muhogo mbichi huku umepakwa nta ili usikauke safarini, usiogope ule mng'ao. Mwombe muuzaji avunje ncha: ndani uwe mweupe kama chaki. Ukiona mistari ya bluu au nyeusi, umeshapitwa, hata ukiuchemsha utabaki mgumu na mchungu. Kusema kweli mimi naupendelea wa friza, ulioandikwa "frozen mogo". Umemenywa, umekatwa, na huwa hauna mistari. Utie kwenye maji yanayochemka ukiwa bado barafu; ukiuacha uyeyuke kwanza unakuwa kama sponji. Ukiiva, kata katikati utoe ule mzizi.

Kwenye ndizi watu wanapotea sana. "Plantain" ya Wanigeria na Wajamaika ni mzuzu, ni ya kukaanga au kuchoma. Ukiipikia nyama kama ndizi za Bukoba itakuwa ngumu halafu tamu, vyote viwili. Sema "matoke", kwa Wagujarati na Waganda wanaijua kwa jina hilo hilo. Ukikosa, chukua "green bananas" za Wajamaika, ambazo ni ndizi za kawaida zilizochumwa mbichi. Zinalainika vizuri na nyama na nazi, ila zipike siku hiyo hiyo, maana kwenye nyumba yenye hita zinaiva haraka. Magimbi tafuta kwa jina la "eddoes" au "arvi".

Mboga za majani. Kwa Wabengali utapata "lal shak", mchicha mwekundu. Kwa Wajamaika kuna "callaloo" ya kopo, nayo ni mchicha kamili. Imewekwa kwenye maji ya chumvi, basi isuuze mara mbili na usitie chumvi mpaka uonje. Ila hapa pana mtego: kwa watu wa Trinidad jina hilo hilo la "callaloo" ni majani ya magimbi, na hayo yasipoiva sawasawa yanawasha koo. Uliza duka la nani kabla ya kulipa. Sukuma wiki ni "spring greens", ipo supamaketi zote. "Kale" iliyojikunja achana nayo, ni ngumu na ina uchungu. Zungusha majani kama sigara uyakate membamba kabisa, dakika tano jikoni zinatosha.

Kisamvu kipo kwa Wakongo, kwenye friza, kimeshatwangwa. Jina lake ni "pondu" au "saka-saka". Kwa watu wa Sierra Leone kinaitwa "cassava leaf", na papo hapo kwao utaona "potato leaf", ambayo ni matembele. Kisamvu hicho hakijapikwa, na majani mabichi ya muhogo yana sumu. Kichemshe kwa maji mengi, sufuria wazi bila mfuniko, si chini ya saa nzima, na usionje kabla ya hapo. Kisha tia tui na karanga. Siagi ya karanga ya hapa mara nyingi ina sukari na mafuta ya mawese, na kisamvu chenye sukari hakiliki. Geuza chupa usome: iandikwe karanga tu, asilimia 100.

Nazi ndiyo inayonihusu zaidi, maana wali na samaki wa kupaka vinasimama juu yake. Kopo la tui usilinunue kwa bei wala kwa picha, linunue kwa asilimia ya nazi iliyoandikwa nyuma. Ikiwa 60 au zaidi, chukua. Chini ya hapo umeuziwa maji na unga wa kuyafanya mazito, na lililoandikwa "light" ni tui la pili kwa bei ya la kwanza. "Cream of coconut" ina sukari, ni ya vinywaji. "Creamed coconut" ni kitu kingine: kibonge kigumu cha gramu 200, unakikatia kwenye maji ya moto kinayeyuka, kizuri kwa kuongezea uzito mwishoni. Lakini kama unataka tui la kweli, nenda duka la Watamil au watu wa Kerala ununue nazi iliyokunwa, ya friza. Pakiti ya gramu 400, maji ya moto vikombe viwili, isage dakika moja kwenye blenda, kamua kwa kitambaa: hilo ndilo tui la kwanza. Rudia na kikombe kimoja upate la pili. Mbuzi ya kukunia nazi usiagize, itakula kilo za sanduku lako bure.

Tui likikatika, mara nyingi limetiwa kwenye nyanya au ukwaju huku moto ukiwa mkali. Pika nyanya mpaka mafuta yaelee, punguza moto, ndipo utie tui na ukoroge kuelekea upande mmoja. Lisichemke kwa fujo.

Mbaazi zina mtego wake. "Toor dal" ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, zinageuka supu. Za mbaazi kwa mahamri ni nzima: kwa Wagujarati uliza "tuver" nzima, kwa Wajamaika "gungo peas". Ukiona mbaazi zinang'aa mafuta, zimepakwa mafuta ya mbarika kuzuia wadudu, zioshe kwa maji ya moto mpaka maji yawe safi. Maharage ya madoadoa yanaitwa "rosecoco". Yale mekundu ya "kidney" usiyatie kabisa kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika kumi nzima ndipo upunguze moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaleta kutapika na kuharisha. Na kama hayalainiki, huenda ni chokaa ya maji ya bomba. Robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwa nusu kilo kinatosha. Ukizidisha, yanakuwa na ladha ya sabuni.

Sasa duka usilolitegemea: la Wapoland. Maziwa mgando unayoyalilia wanayo, yanaitwa "zsiadłe mleko", na wali wa jana ukiyapata husahau shida. Lakini viungo vya pilau usinunulie hapo bila kusoma. "Kminek" yao inafanana na jira kwa macho, kumbe ni mbegu nyingine, na sufuria nzima ya pilau inanukia mkate wa nafaka ya "rye". Kwao jira ni "kumin". Kwa Wahindi sema "jeera" tu, huwezi kukosea.

Dagaa: rudi kwa Wazambia na Wazimbabwe, ulizia "kapenta". Si wageni kwetu hao. Kapenta wa Ziwa Kariba asili yao ni Ziwa Tanganyika, walichukuliwa huko wakapandikizwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo ni ndugu wa dagaa wa Kigoma kwa damu. Waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaange wakavu kwanza, ndipo kitunguu na nyanya. Na ufungue dirisha, kengele za moshi za nyumba hizo hazina huruma. Kwa samaki wa kupaka chukua vipande vya "kingfish", ni nguru.

Nyama ya mbuzi ipo kwenye bucha za halali. Sema "goat", usiseme "mutton", utapewa kondoo.

Unga wa chapati, neno la kutafuta ni "plain". "Self-raising" umetiwa hamira ya unga, chapati zinakatika; "strong" ni wa mikate, ukisukuma unarudi. Nusu kilo ya unga, maji ya vuguvugu mililita 300, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, na uuache nusu saa chini ya kitambaa. Mahamri kwa baridi hii hayaumuki kwa saa moja kama Tanga. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, uwashe taa yake tu, na chini uweke bakuli la maji ya moto.

Mama akitaka kukupa mzigo, nyama na maziwa vya aina yoyote havipiti uwanjani, hata vikiwa vikavu au samli. Mboga mbichi na pilipili mbichi zinadai cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende havidai. Sheria hizi hubadilika, mwambie anayesafiri asome tovuti ya serikali wiki ile ile. Mimi ningeomba mwiko mzuri wa mti mgumu, karafuu, na iliki ya mwaka huu. Unga na mchele viacheni huko huko.

Nakuja huko Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Nitaleta kapenta na pondu. Wewe tafuta nguru, na hiyo nazi ya friza, pakiti mbili.

Shoga yako