Lile daftari la katiba unalo?

Shoga yangu Rehema,

Habari za Tabora, na kazi mpya inakwendaje? Mama mpe shikamoo yangu. Najua nimekukalia kimya, utanisuta tukionana. Leo nina shida na lile daftari jekundu la katiba ya klabu. Wewe ndiye uliyekuwa katibu, na usiniambie lilibaki kwa Shaaban, nimeshamuuliza.

Jogging yetu imeingia mdudu. Tangu Simbu, yule mkimbiaji wetu, achukue dhahabu ya dunia ya marathon kule Tokyo, Septemba 2025, wanaume wamepagawa. Mwanzo ilikuwa raha tupu, tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mtu anakimbia kilomita 42, yeye na yule Mjerumani wanaandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, halafu anamzidi kwa sekunde 0.03! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo, nani asishangilie?

Basi Mudi naye kaota. Kanunua saa ya kupima mapigo ya moyo, katuingiza wote Strava, ile app ya simu inayorekodi mbio za kila mtu, na kila Jumapili usiku anabandika majina kwenye grupu, wa kwanza hadi wa mkia. Kilomita 10 usipomaliza ndani ya saa moja, jezi ya bonanza huvai na kwenye basi la Moshi hupandi. Simbu ni mwanajeshi, mwenzangu. Mudi anauza vioo vya magari.

Jumapili iliyopita kapiga marufuku nyimbo, eti zinamaliza pumzi. Jogging bila mchakamchaka! Bi Mwajuma, na unaijua sauti yake, kaanzisha tu, Mudi akageuka akamwonyesha saa. Mama wa watu akanyamaza. Tulipofika kwenye supu hayupo, kumbe kapanda bodaboda njiani akarudi kwake. Mumewe alipofariki, si klabu hii hii iliyobeba ule msiba? Zamani mtu asipoonekana tunamfuata nyumbani. Siku hizi anaambiwa kashuka kiwango.

Sikatai mashindano. Mwenye mbio zake akimbie hizo 42 mpaka achoke. Lakini hata Kilimanjaro Marathon yenyewe ina kilomita 5 za wanaojifurahisha, sisi wa mtaani ndio tukose? Na supu hainyweki, kila mtu kainamia simu anatazama kamzidi nani. Hata Shaaban! Shaaban, ambaye... haya, acha.

Kikao ni Jumamosi. Ukurasa wa kwanza si tuliandika lengo ni afya na kusaidiana? Kuna popote palipotajwa muda? Saini ya Mudi ipo? Piga picha unitumie mapema, nataka nimsomee mbele ya watu. Na wewe huko umepata wa kukimbia nao, au unanenepa tu? Asali yangu umeshanunua? Yule jamaa wa reli vipi, au nisiulize?

Wako,
Zai