Kuhusu filamu ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi saa 1 usiku tutatazama Scarface ya mwaka 1932, filamu kuhusu jambazi, iliyoongozwa na Howard Hawks. Naomba mtulie hasa kwenye tukio la mchezo wa kuangusha vigingi: mhusika wa Boris Karloff anarusha mpira, risasi zinalia, nayo kamera inang'ang'ania kigingi cha mwisho kinachozunguka hadi kinaanguka, bila kutuonyesha maiti. Wakaguzi wa Hollywood walidai yaongezwe maneno ya kulaani ujambazi, na ukatengenezwa hata mwisho mwingine ambamo jambazi ananyongwa, mwisho ambao, kwa maoni yangu, unaidhoofisha kazi nzima. Kanuni za maadili ya filamu za Hollywood, za mwaka 1930, zilisimamiwa kikamilifu kuanzia 1934, chini ya Joseph Breen, mkuu wa ukaguzi huo. Tafadhali msije na watoto.