Lile dude la baba yako

Kawasaki, Japani, Jumapili usiku

Sahibu yangu Mwinyi,

Salamu nyingi. Za huko? Watoto? Mama mpe shikamoo yangu. Sisi wazima, ila baridi inatuonea. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Sita, na najua utakachosema, kwa hiyo usiseme. Kuna jambo.

Jana niliingia duka la vitu vya watoto kutafuta betri, nikakutana uso kwa uso na lile boksi la roboti la plastiki la kuunga mwenyewe. Lile lile, Mwinyi! Lile alilotuletea marehemu baba yako aliposhuka melini, mwaka 1986, tukiwa darasa la tano. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa picha ya maiti wake.

Jina lake Gundam, nimekuja kulijua huku. Sisi tungejulia wapi, enzi zile Bara hakukuwa hata na televisheni? Bandai, kampuni ya vitu vya watoto ya huku, walilitoa mara ya kwanza Julai 1980, yeni 300 tu, na kipindi chake cha katuni kwenye televisheni kilikuwa kimeshakatishwa tangu Januari kwa kukosa watazamaji. Dude likafufuka baada ya matanga.

Hili la sasa wamelirudishia sura ile ile ya zamani, ila vipande vinatoka kiwandani na rangi zake, na vinabanana vyenyewe. Unasikia *ta!* basi, mkono umekaa. Gundi hakuna, kupaka hakuna. Nikaikumbuka ile gundi ya pancha tuliyomwibia fundi baiskeli, na mguu uliokauka umeangalia nyuma.

Kijana wa dukani akanisihi nichukue Gundam jingine la kisasa, toleo liitwalo Real Grade, la 2024. Kimo ni kile kile, sentimita kumi na mbili na ushee, lakini linapiga magoti ungesema liko kwenye tahiyatu. Zuri, sikatai. Lakini lile silijui, halijanikosea wala sijalikosea. Nikachukua langu nikatoka. Betri nikasahau.

Sasa sikiliza, na boksi likiwa hapa mezani nikisema uongo litanisuta. Unakumbuka uso ulivyoyeyuka? Hamisi alichapwa kwa ajili ya uso ule. Mwinyi, hakuwa Hamisi. Nilikuwa mimi.

Ninyi mlikwenda madrasa, mimi nilijifanya naumwa tumbo. Nikachukua rangi ya kucha ya dada Zuhura nilipake miguu nyekundu kama kwenye picha. Likanidondokea tone usoni. Nikaona nilifute kwa ile dawa yake ya kutolea rangi, kwa pamba, taratibu. Plastiki ikawa uji. Pua na macho vikaja na pamba, nyuzi nyuzi kama jibini. Nikalirudisha juu ya kabati, limegeukia ukutani, nikaenda kulala na tumbo langu, ambalo sasa lilikuwa linauma kweli. Hamisi akaonekana karibu na kabati, yakamkuta. Nilisikia fimbo zote kutoka kwetu, nikahesabu mpaka sita.

Miaka mingapi hiyo? Nimekula pilau ya harusi ya Hamisi, nikamshika mkono, nikamwambia hongera. Ningemwambia siku ile, lakini na ile suti yake...

Nakuja Desemba, Mungu akipenda. Boksi sijalifungua, mke wangu anauliza kila saa nangoja nini. Nimeona ni haki ya Hamisi, alijenge yeye, uso akauweke kwa mkono wake.

Sasa niambie: nimwandikie kwanza, au nimkabidhi boksi ndipo niseme? Bado ana hasira za karibu? Mama alijua? Maana aliwahi kuniangalia siku moja, kuangalia kwa namna. Lile la zamani lilienda wapi, mlilitupa? Na dada Zuhura, aliwahi kuuliza chupa yake?

Jibu upesi, kabla sijapoteza ujasiri nikalifungua mwenyewe.

Wako,
Saidi