Kabla ya kukodi mashua ziwani, tupange safari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji wanaopenda kukodi mashua za makasia katika maziwa yaliyo ndani ya miji kwamba utulivu wa maji hayo, yaliyozungukwa na nyumba na bustani, huwafanya hata watu wazima wenye busara wasahau kupanga safari yao.

Jambo ninalolihofia zaidi ni upepo. Mashua nyepesi husukumwa upesi, na aliyeondoka gatini kwa kusaidiwa na upepo hufurahia mwendo, kisha wakati wa kurudi, mikono ikiwa imechoka na muda wa kukodi ukiyoyoma, hulazimika kupiga makasia akipambana na upepo uleule. Ni heri kuanza kwa kuelekea upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo, ili upepo umrudishe mtu alikotoka.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa kabla ya kupanda, wala lisiachwe chini ya kiti. La mtoto lichaguliwe kwa uzito wake, na jaketi lenye alama ya 50, yaani nguvu yake ya kuelea kwa kipimo cha nyutoni, limekusudiwa mtu anayejua kuogelea. Idadi ya abiria isizidi iliyoandikwa kwenye chombo. Mashua ikipinduka, watu waishikilie na kuita msaada badala ya kuogelea kuelekea ukingoni, kwa kuwa ukingo huonekana kuwa karibu kuliko ulivyo, hasa kwa mtu aliyeshtuka.

Nawasihi wakodishaji nao wamweleze kila mteja mambo haya kabla ya kufungua kamba.

Wako,
Mpiga makasia