Risala ya klabu ya wasomaji kwa mgeni rasmi: Henning Mankell, kati ya Sweden na Maputo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru sana kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa na sisi. Mwaka huu klabu yetu ilikubaliana tumsome mwandishi mmoja tu mpaka tumjue, na tuliyemchagua ni Henning Mankell, yule wa riwaya za inspekta Kurt Wallander, na kuna waliotuuliza huyo Mswede anawahusu nini, basi tunaomba tujibu leo mbele yako.

Mankell alizaliwa Stockholm mwaka 1948. Mama yake aliondoka yeye akiwa bado mdogo sana, akalelewa na baba ambaye alikuwa hakimu kwenye mji mdogo wa Sveg, familia inakaa ghorofani na mahakama iko chini yao, halafu bibi yake ndo aliyemfundisha kuandika. Akiwa na miaka 16 akaacha shule akawa baharia, baadaye akaingia kwenye tamthilia, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1973.

Afrika alifika mapema, miaka ya 70 mwanzoni, akaishi pia Zambia, kisha kuanzia 1986 akawa anaongoza tamthilia pale Teatro Avenida, Maputo, na kundi la Mutumbela Gogo lililoanzishwa na mama Manuela Soeiro. Mheshimiwa, kipindi hicho Msumbiji bado iko vitani, vita vimekuja kuisha 1992, lakini wale waigizaji walikuwa wanapanda jukwaani na watu wanakuja kuangalia. Mankell angeweza kukaa zake Ulaya. Hata alipokuwa tajiri, vitabu vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 40, bado sehemu kubwa ya mwaka alikuwa yuko Maputo na wenzake.

Na Wallander mwenyewe alitokana na safari hizo hizo. Mankell aliporudi Sweden akakuta chuki dhidi ya wageni imepanda, na kwa kuwa yeye aliona ubaguzi ni uhalifu, akaamua stori yake iwe ya polisi. Kitabu cha kwanza cha Wallander kilitoka 1991: wazee wawili, mke na mume, wanashambuliwa usiku shambani kwao karibu na mji wa Ystad, yule bibi kabla ya kukata roho anatamka neno moja linalomaanisha mgeni, habari inavuja, na watu ambao hawajui chochote kuhusu kesi wanaanza kuwashambulia wakimbizi, mpaka Msomali mmoja asiye na hatia anauawa. Hapo klabu nzima ilinyamaza. Sisi tunasema kitabu hicho kinastahili kila sifa kilizopewa, ikiwemo Glass Key, tuzo ya riwaya za uhalifu ya nchi za Nordiki, yaani Sweden na jirani zake, kwa sababu muuaji anatafutwa lakini nchi nzima ndo inayohojiwa.

Kitu kilichotugusa kuliko vyote ni Uganda. Huko Mankell alikutana na wazazi wenye UKIMWI waliokuwa wanawaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, mzazi anaeleza yeye ni nani, ametoka wapi, anapenda nini, ili mtoto akibaki peke yake awe na pa kumsoma. Akaandika kitabu kuhusu wazazi hao, kikatoka 2003. Mwenyewe alifariki kwa saratani tarehe 5 Oktoba 2015, akiwa na miaka 67.

Mheshimiwa, kutokana na hilo wanaklabu tumeanza kuandika kumbukumbu za bibi na babu zetu, tunawafuata nyumbani jioni wanasimulia sisi tunaandika. Tatizo tunaandikia karatasi za kuchana kwenye madaftari ya masomo na nyingine zimeshapotea. Tunaomba utusaidie tupate madaftari yenye jalada gumu na kabati moja la kufunga kwa ufunguo, na zile za wazee tulizokwishamaliza tunaomba ukae nasi baada ya chakula tukusomee.

Tunaomba kuwasilisha.