Somo, ukate huo mwasumini

Tanga, mwishoni mwa Agosti

Somo yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillah. Kusi limeanza kulegea, na mama anakusalimu sana. Kila akisikia jina lako huuliza kama huko Dodoma umeshapata samaki wa kumla. Hongera kwa posa ya mwanetu. Tuliposikia harusi ni katikati ya Desemba na itafanyika huko huko, hapa nyumbani watu wameanza kuulizana habari za tiketi za basi.

Picha za mwasumini nimeziona. Nimezikuza, nikautazama tawi kwa tawi. Unasema umenawiri, umepanda ukuta mpaka juu, mbona hautoi ua? Na umesema kitu kilichonigusa: kwamba hutaki asumini za kununua, unataka za kutungia koja la mwanetu zitoke uani kwako. Basi nakujibu kwa kirefu, maana jambo hili nalipenda, na muda tunao, ila si wa kuchezea.

Kwanza nikutoe wasiwasi, mti ni wenyewe. Nilihofu kidogo kwa sababu ulisema umeununua kitaluni, na vitaluni siku hizi kila chenye ua jeupe na harufu huitwa asumini. Wako majani yake yamekaa mawili mawili yanatazamana, mapana, yamekunjamana kidogo pembeni, na sehemu moja nimeona matatu kwenye fundo moja. Ndivyo. Ungekuwa ule unaotoa maziwa ukivunjwa jani, au ule wa vijani vidogo vinavyonukia ndimu ukivifikicha, ningekwambia tafuta mwingine leo hii.

Sasa shida yako. Asumini haitoki kwenye tawi la zamani. Hutoka kwenye ncha ya tawi jipya, lile lililochipua msimu huu, laini, la kijani. Mti usiokatwa huendelea kujirefusha kwa miti yake ya zamani, unatafuta pa kupanda, majani yanajaa, na ncha mpya zinakuwa chache na ziko juu huko usikofika mkono. Ukiukata, kila tawi lililokatwa hutoa machipukizi mawili, matatu, na kila chipukizi likikomaa hubeba vitumba nchani, mara nyingi vitatu pamoja, cha katikati kikitangulia kufunguka. Kwa hiyo hesabu ya maua ni hesabu ya ncha mpya. Nawe umeuonea huruma tangu uupande, hujaupitisha mkasi hata siku moja.

Na unakaa katikati ya watu wanaolijua jambo hili kuliko sisi wa pwani. Nenda kwa mkulima yeyote wa zabibu hapo Dodoma umuulize kwa nini anaupogoa mzabibu mpaka unabaki kama kuni. Atakwambia zabibu hukaa kwenye chipukizi jipya, na kwamba kupogoa ndiko kunakompa mavuno mara mbili kwa mwaka. Mwasumini ni hivyo hivyo. Ukiweza, mwazime mtu huyo na mkasi wake, maana mkono wake hautatetemeka kama wako.

Lakini usikate leo. Usiku wa huko bado una baridi, na mwasumini kwenye baridi hulala. Ukiukata sasa utakaa umeduwaa. Ngoja wiki ya mwisho ya Septemba, joto likianza kupanda. Siku kumi hivi kabla ya kukata, punguza maji, udongo ukauke mpaka majani yaonyeshe kulegea kidogo. Usiogope, mti huu ukipata kiu kidogo kisha ukanyweshwa ndipo unapoamka kwa nguvu. Halafu kata. Ondoa kwanza yaliyokauka, yaliyosuguana na yale membamba ya ndani yasiyoona jua. Yaliyobaki yapunguze mpaka nusu ya urefu wake, ukikatia juu kidogo ya fundo lenye majani. Ukimaliza utautazama na kusikitika. Ndivyo unavyotakiwa uonekane.

Kwa joto la Oktoba na Novemba la Dodoma, tangu kukata mpaka maua ya kwanza tarajia wiki 6 hadi 8. Kwa kuwa siku ya harusi haingoji mti, nakushauri hivi: usiukate wote siku moja. Upande wa kushoto ukate mwisho wa Septemba, wa kulia uukate katikati ya Oktoba. Upande wa kwanza utafungua mapema, wa pili utapokea, na kwa vyovyote vile wiki ya harusi mmoja wao utakuwa umeshika. Wimbi la kwanza likipita, uchungulie ncha zilizokwisha kutoa maua uzikate kidogo kidogo, usingoje mwaka mwingine.

Kuna jambo jingine kwenye picha ambalo hukulitaja. Ule mwarobaini. Kivuli chake kimeufunika mwasumini, tena picha uliyopiga saa sita mchana. Mwasumini unataka jua lisilopungua saa 6 kwa siku, jua la wazi, si la kuchujwa na majani. Kivulini utaishi, utatoa majani makubwa ya kijani kibichi, na ua usilione. Usiuhamishe, mizizi yake haina haja ya taabu hiyo mwaka wa harusi. Kata matawi ya mwarobaini ya upande huo. Kivuli cha kukalia kitabaki, na majani ya mwarobaini yana kazi, nitakuja kuisema. Ukuta wenyewe uuache, unakusaidia na ule upepo wenu mkavu unaokausha vitumba kabla havijafunguka.

Kuhusu mbolea, umesema mfugaji jirani anakupa samadi ya mbuzi bila kipimo na wewe unaimwaga. Hapo nasema pole pole. Samadi ikizidi, hasa ikiwa mbichi, mti hushiba majani ukasahau maua, na urea ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Mpe debe moja la samadi iliyooza vizuri, ya zamani isiyonuka, siku ya kukata, uichanganye na udongo wa juu kuzunguka shina bila kuligusa. Kisha uache mpaka uone vitumba. Na wale waliokwambia umwagie majivu, wasikilize kwa adabu lakini usimwage. Majivu yanafaa kwa mimea mingine. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu yanakwenda kinyume chake, kama chokaa.

Ndiyo maana yale majani machanga ya juu yenye rangi ya njano na mishipa ya kijani yamenisumbua. Kwetu Tanga tunayaona sana kwa sababu ya mawe ya matumbawe: udongo una chokaa, na chokaa hufunga madini ya chuma yasifike kwenye majani. Kwako hakuna matumbawe. Ila nyumba ni mpya, ukuta ni mpya, na mafundi wanapomaliza hufukia mabaki ya saruji na chokaa pale pale chini ya ukuta. Chimba kidogo pembeni ya shina uone. Ukikuta kifusi, kitoe chote unachoweza bila kukata mizizi minene, urudishie udongo wa msituni wenye majani yaliyooza, na mwagilia maji ya kutosha. Majani mapya yakitoka kijani sawasawa, umepona. Yale ya njano ya zamani hayarudi, usiyangoje.

Maji yenu ya kisima ulisema yana chumvi, hata birika linashika ukoko. Chumvi hiyo inabaki kwenye udongo vile vile. Badala ya kumwagilia kidogo kidogo kila jioni, mwagilia kwa wingi mara moja, maji yashuke chini na chumvi ishuke nayo, kisha subiri. Tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu mpaka kwenye kifundo cha pili, mwagilia tena. Kwenye jua kali la Oktoba itakuwa kila baada ya siku mbili tatu. Funika udongo kwa maganda ya karanga, huko hayakosekani, yatashika unyevu na yakioza ni chakula. Mvua za Desemba zikianza, kinga maji ya bati kwenye mapipa uuogeshe mti wako kwayo. Utaona tofauti.

Wadudu, kwa ufupi. Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye mafundo ni vidung'ata, na sisimizi wanaopanda na kushuka ndio wanaowalinda kwa ajili ya utamu wao. Waondoe sisimizi na nusu ya kazi imekwisha. Majani yakipauka na kuwa na vitone vidogo, geuza jani: kwa ukavu wa huko utakuta utitiri. Wote hao hawapendi maji ya nguvu chini ya majani wala maji ya sabuni ya mche yaliyo mepesi, jioni, si juani. Na hapo ndipo mwarobaini unapolipa kivuli chake: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza. Vitumba vikiwa na kitundu na vinageuka kahawia, kuna kiwavi ndani, vichume uvichome moto.

Matawi utakayoyakata usiyatupe. Chagua yaliyokomaa nusu, si laini sana wala si kuni, uyakate urefu wa sentimita 15, uondoe majani ya chini ubakize mawili juu. Yapande kwenye mifuko yenye mchanga na samadi kidogo, fundo moja au mawili yakiwa chini ya udongo, uyaweke kivulini, uyafunike na nailoni unyevu usikimbie. Baada ya wiki 4 hadi 6 yatakuwa na mizizi. Mti huu haupandwi kwa mbegu, kwa kuwa huu wetu wa bustanini ni nadra kuzaa. Nataka mwanetu aondoke na mche wake kwenda kwake, na ukimpa mwenyewe kwa mkono wako itakuwa zawadi inayomfaa miaka mingi.

Sasa kuchuma, na hapa nakuomba unisikilize kuliko kote. Asumini hufunguka jioni baada ya jua kuzama, na harufu yake hutoka pale inapofunguka. Ukichuma asubuhi iliyofuata umeokota mabaki, tayari zinageuka rangi. Chuma alasiri, vitumba vilivyovimba, vyeupe kabisa, bado vimefumba. Vitunge vikiwa vimefumba. Vitafunguka vyenyewe shingoni na nyweleni mwa mwanetu usiku ule. Wachina wanaotengeneza chai ya asumini kule Fuzhou nao huchuma vitumba mchana na kuvichanganya na majani ya chai jioni, ili chai inywe ile harufu ya usiku. Na Ufilipino, ambako ndilo ua la taifa tangu 1934, wanatunga makoja yake kwa vitumba kama sisi. Yemen humvisha hata bwana harusi. Ukipata nafasi mwambie mkwe wetu mtarajiwa, tuone atasemaje.

Ukishachuma, usivitie kwenye mfuko wa plastiki, vitatoka jasho na kuwa kahawia. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, juu ya sinia, mahali pa baridi karibu na mtungi, vitangoja saa kadhaa. Tungia kwa uzi na sindano nyembamba, upitishe kwenye kikonyo, si kwenye petali. Nitakuja na ukindu pia kwa wale wanaopenda kutunga kwa njia ya zamani, shangazi yangu mmoja hakubali uzi kabisa. Na usione uchungu kuchuma kila siku, hata kabla ya harusi. Ua lililochumwa halikunyimi lingine. Mti usiochumwa ndio unaozubaa na maua yaliyonyauka.

Umeniuliza pia kuhusu ile asumini ya kujaza, inayofanana na waridi dogo. Nzuri kwa kutazama na kwa kuvika nyweleni moja moja. Kwa koja sikushauri: ni nzito, haifunguki vizuri ikiwa kitumba, na hutoa maua machache. Huu ulio nao ndio wa kazi.

Kwa vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, rehani panda sasa hivi, mbegu zipo humu kwenye bahasha, zitakuwa tayari mapema hata kabla hujahitaji. Waridi utapata huko. Mkadi na vilua, maua yetu ya pwani yanayonukia, niachie mimi. Nitavipakia kwenye basi siku mbili kabla, vimefungwa kwenye majani ya mgomba, na nitakupigia simu namba ya basi ili mtu akavipokee stendi asubuhi hiyo hiyo, visilale.

Kwa sasa nifanyie mambo mawili. Piga picha ya mti saa tatu asubuhi na nyingine saa kumi jioni baada ya kukata ule mwarobaini, nione jua linaingia upande gani. Na ukichimba chini ya ukuta, niambie umekuta nini kabla hujaongeza chochote. Msalimie shemeji, na mwambie mwanetu shangazi yake wa Tanga ameshanunua leso.

Wako akupendaye,
Somo yako