Panga si lake, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Salamu zako zimenifikia kwa midomo ya watu, kwamba nakuonea wivu. Nakujibu hapa hapa hadharani, maana na ile picha ya kijana ameshika panga umeianika hadharani.

Jicho unalo, sijawahi kulikana. Kijana alikuwa amekaa kizingitini pale maskani Kisauni, kijiweni kwa vijana, nusu mita ndani ya kivuli, uso kauelekeza nje. Hiyo ndiyo nuru ya picha ya uso: jua la saa saba haliyatii macho kiza, na nyuma yake panabaki peusi bila vurugu. Lenzi ya milimita 50, tundu lake f/2.8, na mwanga ukaupima usoni, si ukutani, kwa sababu ukuta mweupe huidanganya kamera na ngozi zetu zikatoka masizi. Picha ilikuwa imekwisha. Ndipo ukamwambia achukue panga lililokuwa nyuma ya mlango. Ukaweka lenzi pana ya milimita 24, ile inayokuza kilicho karibu, ukachutama, ukamsogelea mpaka ngumi ikawa kubwa kuliko kichwa. Hilo siwezi kulisamehe. Panga halikuwa mkononi mwake; wewe ndiye uliyelitia.

Bruce Davidson, mpiga picha Mmarekani, alifuatana na genge la vijana la Jokers kule Brooklyn, New York, mwaka 1959, miezi kadhaa. Picha inayokumbukwa zaidi ni ya msichana akitengeneza nywele kwenye kioo cha mashine ya kuuzia sigara, Coney Island. Silaha huioni.

Unasema ulimziba macho kwa utepe mweusi. Mtu hutambulika kwa tatoo, kovu, sikio, viatu, hata kwa mabati ya jirani. Na faili uliituma kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa hiyo taarifa zilizojificha ndani yake, tarehe na mahali, zilikwenda nayo. El Salvador, tangu Machi 2022, wamekamatwa watu zaidi ya 70,000 katika msako wa magenge, wengine kwa tatoo tu. Picha ya zamani husomwa upya na watu usiowajua.

Wala usiseme nilikuwepo nikanyamaza. Kukugombeza mbele ya maskani ni kuwalazimisha vijana kuchagua upande, na kamera yako isingetoka pale. Nilikulinda, ndugu yangu.

Iondoe leo. Futa taarifa za mahali kwenye faili zilizobaki. Ile ya kwanza ichapishe, umpelekee mama yake mkononi kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Ukitaka kurudi nitakusindikiza, ila lenzi ya 24 iache nyumbani.